Kasha Lisilopitisha Maji

Mtaani walimwita Bwana Akiba, na jina hilo hakujipa mwenyewe. Alipewa na mkewe, fundi cherehani, siku aliyofungua kabati kutafuta shuka akakuta fyuzi, balbu, kamba za viatu na kitasa kipya cha mlango ambao nyumba yao haikuwa nao.

"Baba Pacha," alimwuliza, "huu mlango tunaujenga lini?"

"Akiba haiozi, mama."

Mkewe akamsimulia jirani, jirani akamsimulia kinyozi, na jambo likishafika kwa kinyozi halirudi nyumbani tena. Tangu hapo akawa Bwana Akiba, mpaka kwenye kadi za mwaliko.

Kazi yake ilikuwa kupiga video za sherehe: harusi, mahafali, uzinduzi wa visima, na mazishi ya watu waliotaka waonekane wamezikwa vizuri. Aliifanya kwa makini ya mtu anayevuka daraja la kamba. Kabla ya kutoka nyumbani alipapasa mifuko yote, akatoka, akarudi, akapapasa tena. Hakuna mtu aliyewahi kumwona akikimbia, kwa sababu anayekimbia huangusha vitu, na yeye daima alikuwa amebeba vitu.

Zamani betri zake za kamera alizitia mfukoni mwa suruali pamoja na funguo, kama wenzake wote wa kazi ile. Hilo liliisha katika harusi moja ya bustanini. Wazazi wa bwana harusi walikuwa wanaingia, muziki umepamba moto, naye anarudi kinyumenyume mbele yao na kamera begani, ndipo ufunguo ulipogusa betri pale usipotakiwa kugusa. Mfuko ukaanza kuwaka bila moto. Mtu mwingine angeitupa kamera. Yeye aliikumbatia, akaruka, akajipiga paja, akazunguka, akapinda goti, akaruka tena. Wageni wakadhani ni furaha. Mama wa bwana harusi akakunja kitenge chake akaingia kumuunga mkono. Video hiyo ipo hadi leo: picha inatikisika kama nyumba ya mabati kwenye kimbunga, na vigelegele vyake ni vingi kuliko alivyopigiwa bibi harusi.

Alipopona ndipo aliponunua kasha.

Lilikuwa jeusi, la plastiki ngumu, kubwa kama mkate wa kukata. Mfuniko ulizungukwa na mpira wa kuzuia maji, ukabanwa na loki mbili za chuma zilizolia kama bunduki inayokokiwa. Ndani mlikuwa na sponji nene yenye vishimo, kila betri na kishimo chake, kama mayai ya ndege mwenye utaratibu. Lilikuja na karatasi ya maelezo, na juu ya karatasi palikuwa na picha ya mtu mwenye ndevu amesimama juu ya mlima wa theluji, ameshika kasha kama hilo, anatazama mbali. Karatasi ilisema kasha halipitishi maji wala vumbi, halivunjiki likianguka kutoka juu, na linaelea mtoni hata penye mkondo mkali.

Mto wa pekee katika maisha ya Bwana Akiba ulikuwa mtaro nyuma ya nyumba. Mlima wake ulikuwa ngazi za ukumbi wa harusi. Lakini aliisoma karatasi ile kwa sauti ya chini, mstari kwa mstari, na mkewe, ambaye alikuwa anapinda suruali ya mtu, alisema usoni mwake palikuwa na utulivu ambao hakuwahi kuuona tangu wafunge ndoa.

Wiki ile ile aliwafanyia majirani maonyesho. Alilizamisha kasha kwenye beseni, akaliangusha kutoka ghorofani, kisha akamwomba muuza mkaa apitishe juu yake gari lake bovu. Gari likapita. Kasha likabaki kama lilivyokuwa. Watu wakapiga makofi. Kwa bahati mbaya, baba mkwe wake alikuwa amefika kuwatembelea, na alikuwa amesimama mlangoni na mwavuli wake muda wote.

Baba mkwe alikuwa mkuu wa shule mstaafu. Alistaafu shule, hakustaafu cheo. Hata binti yake alimwita Mwalimu Mkuu watu walipokuwapo. Tangu siku ya posa hakuwahi kumtukana mkwewe. Alisema tu, mara moja kila sikukuu, kwamba kupiga picha si kazi, ni kuangalia wenzako wakifanya kazi.

Siku ile aliinama, akalitazama kasha lililopitiwa na gari, akaligonga kwa ncha ya mwavuli.

"Sanduku limefaulu," alisema. "Sasa tumngoje mwenye sanduku."

Watu walicheka, na Bwana Akiba alicheka nao, kwa sababu mkwe hana kicheko chake mwenyewe. Usiku huo, kwa mujibu wa mkewe, alikaa kitandani akifungua loki na kuzifunga, kacha, kacha, mpaka akaambiwa aende na bunduki yake sebuleni.

Hivyo mtu anaweza kuelewa ilikuwa na maana gani pale shule aliyoijenga mzee ilipoamua kuupa ukumbi mpya jina lake. Kukaitishwa kikao cha ukoo. Shemeji wa Bwana Akiba, kaka wa mkewe, karani wa bima na bingwa wa dhihaka, alipendekeza waitwe wapiga video wa mjini wenye kamera za kurushwa angani. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akapangusa miwani.

"Kwani mkwe hana kamera?" aliuliza. "Mwachieni mkwe."

Mkewe Bwana Akiba aliyabeba maneno hayo mawili nyumbani kama mtu aliyebeba maji kwenye viganja. Bwana Akiba aliyapokea, akaenda kuchaji betri.

Hapa lazima nieleze utaratibu wake, kwa kuwa kila kitu kilianguka kutokea hapo. Betri iliyojaa na iliyokwisha zinafanana kama pacha wake wawili. Ili asizichanganye, iliyojaa aliilaza chali ndani ya kishimo chake, vyuma vyake vikitazama juu. Iliyokwisha aliilaza kifudifudi. Akifungua kasha, kwa jicho moja tu alijua wazima ni wangapi na waliolala ni wangapi. Wapiga picha wengi hufanya namna hiyo au namna inayokaribiana nayo. Ila wengine huwaambia wenzao. Bwana Akiba hakumwambia mtu, hata mkewe, kwa hoja kwamba mwizi akijua zilizojaa atachukua zilizojaa.

Siku moja kabla ya sherehe alikuwa na harusi, na umeme ukakatika jioni, ukarudi asubuhi kwa muda wa kuchemsha chai. Betri ya ndani ya kamera ilijaa, na tatu za akiba. Sita zilizobaki hazikuwahi. Hakuwa na wasiwasi. Nne zilitosha siku nzima, hata mgeni rasmi akiamua kuhutubia mpaka kiti chake kiote mizizi. Akazilaza tatu chali, sita kifudifudi, akafunga loki, akavaa shati alilonyoosha mara mbili.

Mgeni rasmi alikuwa mkubwa fulani, na pale penye mkubwa fulani hapakosi meza ya ukaguzi getini. Mikoba ya kina mama ilifunguliwa, ikatazamwa, ikafungwa. Watu walipita na mifuko ya rambo yenye sufuria nzima ndani na hakuna aliyewauliza. Kisha akafika Bwana Akiba na kasha jeusi, lisilopitisha maji, lenye loki za chuma.

Afande aliyekuwa mezani alilitazama kasha, akamtazama mwenye kasha, akarudi hatua moja.

"Humo mna nini?"

"Betri, afande."

"Betri za nini?"

"Za akiba."

"Akiba ya nini?"

"Ya zikiisha zile nyingine."

"Zile nyingine ziko wapi?"

"Kwenye kamera."

Afande alifikiri. "Na betri zinahitaji sanduku la namna hii? Zimefanya nini?"

Bwana Akiba angejibu kwa neno moja na kupita. Lakini mtu akiulizwa kuhusu kipenzi chake hajizuii. Akaanza kueleza habari ya mpira wa kuzuia maji, na kuanguka kutoka juu, na gari la muuza mkaa, na jinsi hata mlipuko, kwa maoni yake, usingelifanya kitu.

Baada ya neno mlipuko hakueleza tena. Alisogezwa kando, akageuzwa akitazama ukuta wa choo cha wavulana, mikono kichwani, huku afande wa pili akimpapasa mifuko aliyokuwa ameshaipapasa mwenyewe nyumbani. Nyuma yake alisikia loki zikifunguka, kacha, kacha, na betri zikiwekwa mezani, moja moja. Hakuna jambo lililompa uchungu kama kusikia kasha lake likifunguliwa na mkono mwingine.

Afande wa mezani hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa gwaride. Alizikagua zote, akazinusa, akazirudisha kwenye vishimo, na kwa kuwa alikuta nyingine zimelala huku na nyingine kule, akazipanga. Zote chali. Mstari ulionyooka.

"Chukua, bwana," alisema kwa upole. "Nimekuwekea vizuri."

"Asante, afande."

Msafara wa mgeni rasmi ulikuwa unaingia, na Bwana Akiba akakimbia, labda mara yake ya kwanza maishani.

Kisha ulifuata utambulisho. Mshereheshaji alimtambulisha mwenyekiti wa bodi, mwenyekiti akaitambulisha bodi, bodi ikasimama ikapunga, akatambulishwa mkandarasi, mkandarasi akawatambulisha mafundi, akatambulishwa mtu aliyetoa rangi na mtu aliyetaka kutoa rangi akazidiwa na shughuli. Kila aliyeshika kipaza sauti alisema itifaki imezingatiwa, kisha akaizingatia upya kuanzia mwanzo. Mgeni rasmi akahutubia juu ya umuhimu wa kutumia muda vizuri, na jua likahama kutoka upande mmoja wa turubai kwenda wa pili. Bwana Akiba alichukua yote, hakuacha hata kikohozi. Betri ya kwanza ilitoa roho mgeni rasmi alipokuwa anakaa, na hilo halikumsumbua. Alipiga magoti nyuma ya miguu mitatu ya kamera yake, akafungua kasha.

Betri tisa zilimtazama, zote chali, zikimeta.

Kwa kitambo kifupi alifurahi. Ndivyo akili ya binadamu ilivyo; ikiona neema isiyoielewa, huipokea kwanza. Kisha akakumbuka umeme wa jana, akakumbuka sauti ya upole ya afande, na jasho likamtoka mpaka kwenye kope.

"Na sasa," alisema mshereheshaji, "mwenye siku yake."

Mwalimu Mkuu aliamini kwamba hotuba ni kama chaki, ukiitumia mpaka mwisho inakuchafua vidole. Hotuba yake ilikuwa fupi kuliko alivyotambulishwa. Alisimama, akaweka mwavuli kando, akakataa kipaza sauti, na uwanja mzima ukanyamaza.

Bwana Akiba alitia betri ya kwanza kwenye mstari. Kamera yake ilikuwa ya kizee, ikiwashwa hujifikiria kabla ya kuitika. Ikaitika. Ikaonyesha chaji nusu. Sasa, betri iliyokwisha ina tabia ya mlevi aliyelala kidogo: ukimwamsha anasema yuko mzima, anasimama wima, anakuita kwa jina lako, kisha anaanguka. Mzee alisema "Wanangu," na kamera ikazimika. Akatia ya pili. Ikaamka, ikachukua kiatu cha mwenyekiti wa bodi, ikafa. Ya tatu. Ya nne. Zilizojaa zilikuwa tatu, na kama ilivyo desturi ya kitu unachokitafuta, zilikuwa zimejikalia mwisho wa mstari. Alisikia kicheko cha watu wengi. Alisikia makofi marefu kuliko yote ya siku ile. Lakini kichwa chake kilikuwa ndani ya kasha, na maneno yenyewe yalimpita juu ya mgongo kama ndege.

Betri ya saba ikaamka, ikabaki macho. Aliinua kamera akamkuta mzee anakaa.

Alimchukua akikaa. Alimchukua vizuri sana.

Mkewe alimfuata akipenya kati ya viti, macho mekundu.

"Baba Pacha, umemsikia baba?"

"Amesema nini?"

"Amesema nini? Kwani ulikuwa wapi?"

Mkewe alilitazama kasha lililofunguka kwenye nyasi, akamtazama yeye.

"Usiniambie."

"Yule afande amezipanga."

"Amezipanga vipi?"

Akamweleza, kwa mara ya kwanza tangu waoane, habari ya chali na kifudifudi. Alieleza kwa sauti ya mtu anayekiri kuwa na nyumba ndogo. Mkewe akasikiliza, akakaa chini kwenye nyasi, akashindwa kuchagua kati ya kulia na kucheka, akacheka.

"Kwa hiyo limezuia maji, limezuia vumbi, limezuia gari, limezuia na maneno ya baba yangu."

"Alisema nini, mama?"

"Alikunyooshea mkono. Akasema, yule mwenye kamera sikumchagua mimi. Nikiulizwa leo, nitamchagua."

Bwana Akiba alifunga loki moja, akasahau ya pili. Mkewe hakuwa mwongo. Lakini alikuwa fundi cherehani, na kwa miaka yote aliyokaa naye alikuwa amemwona akiongeza hapa na kupunguza pale ili kitu kimkae mtu vizuri mwilini. Angejuaje kama haya hayakuwa yamepunguzwa kiunoni? Shemeji alipoulizwa alisema mzee alimshukuru mpiga picha, basi. Muuza mkaa alisema mzee alilia. Kinyozi, ambaye hakuwapo kabisa, alikuwa na maelezo marefu kuliko wote.

Jumapili ukoo ukakusanyika sebuleni kwa mzee kuitazama video. Mgeni rasmi alikuwemo mzima, akisisitiza muda. Kisha akatokea Mwalimu Mkuu, akasema "Wanangu," pakaja kiatu. Ikaja sauti ikisema "hatukuwa na hata dirisha," zikaja nyasi, likaja giza, likaja sikio la mtu. Mwisho mzee akakaa.

"Hii ni hotuba," aliuliza shemeji, "au ni kionjo, hotuba kamili inakuja?"

"Nyamaza, wewe," alisema dada yake.

Mzee hakucheka. Aliagiza kasha liletwe. Alilifungua, akabonyeza sponji, akalifunga, akalitikisa sikioni.

"Linafunga barabara."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Na huo mpango wako wa chali na kifudifudi. Nani mwingine alikuwa anaujua?"

"Mimi tu."

"Hata mke wako?"

"Hata yeye."

"Ungefunga hata kipande cha uzi kwenye zilizokwisha."

"Mwizi angejua, Mwalimu."

Mzee alimtazama kwa muda, kama alivyokuwa akiwatazama wanafunzi waliojibu swali ambalo halikuulizwa.

"Mkwe wangu, mwizi ambaye angekusumbua hivyo bado hajazaliwa." Akainuka. "Leta kamera uani. Nakwenda kuvaa koti."

Uani wakapanga viti vya plastiki. Shemeji akapewa kazi ya kuwa mgeni rasmi, akaketi mbele, akasinzia kama alivyosinzia yule wa siku ile. Majirani wakaegemea ukuta. Bwana Akiba aliweka betri iliyojaa, na kwa uamuzi wake, mbele ya watu, akaziweka nyingine mbili juu ya meza, wazi, pembeni ya jagi la maji. Hakuwa na haja ya hotuba. Historia ya madirisha aliijua. Alitaka sentensi moja, itoke kinywani mwa mwenyewe, bila kupita kwa mshonaji.

Mzee akaanza. Aliyasema yote kama alivyoyasema uwanjani, na waliokuwapo walitikisa vichwa kwamba ndiyo, hivyo hivyo. Alisema juu ya mwaka wasiokuwa na dirisha, juu ya matofali yaliyobebwa na watoto, juu ya walimu wawili waliokufa kabla ya kuona ukumbi. Akafika mahali, akainua mkono kidogo kuelekea kamera. Mkono ukabaki hewani. Akaushusha.

"Na sasa niwashukuru waliotoa saruji," aliendelea.

Kamera haikutikisika, lakini nyuma yake sauti ilisema:

"Mwalimu, kuna sentensi umeiruka."

"Sijairuka. Nilishaisema."

"Sikuisikia."

"Ulikuwa wapi?"

"Kwenye kasha."

Uani pakalipuka kwa vicheko, shemeji akaamka akapiga makofi kama mgeni rasmi wa kweli. Mzee akangoja mpaka wakanyamaza. Midomo yake ilikuwa imebanwa, na kona moja ilikuwa inamshinda nguvu.

"Katika darasa langu," alisema, akitazama moja kwa moja ndani ya kamera, "mtoto aliyekuwa dirishani nikisoma imla sikumsomea tena. Nilimwambia aulize kwa aliyekaa naye dawati moja. Mke wako alikuwepo. Ana masikio yangu. Alilokwambia ndilo." Kisha akarudi kwenye saruji.

Shule ilipoomba nakala, mwalimu wa taaluma aliitazama akapiga simu kwa heshima zote. Kazi ilikuwa safi, alisema, ila pale katikati palikuwa na sauti ya mtu akimkatiza mzee, na watu wakicheka. Haikufaa kwa kumbukumbu za shule. Anaweza kukata hapo?

Bwana Akiba alikuwa amekata mengi katika maisha yake. Alikata mashangazi wakitafuna, walevi wakianguka, wachumba waliotazamana na watu wasiowaoa. Katika harusi zote na mazishi yote aliyochukua, sauti yake haikuwahi kusikika hata mara moja.

"Hapo," alimwambia mwalimu, "hapaguswi."